Walipozikemea Harusi Zetu: Mimbari, Gazeti na Lelemama



Mwaka jana sote wanne tunaoandika hapa tulikwenda harusi ya shoga yetu. Nikaha ilisomwa msikitini baada ya Alasiri. Sisi wanawake tulikuwa nyumbani kwa biharusi, tukisikiliza kwa spika iliyofungwa juu ya dirisha. Khutba ilianza vizuri: haki za mke, haki za mume, kuhurumiana. Mara msemaji akahama. Akaanza kukemea singo, akaja kwenye hina, mapambo ya ukumbi, nguo za sare, mpiga picha na ngoma ya kina mama. Akasema wanawake ndio wanaofilisi nyumba za watu. Sauti ilifika mpaka barazani kwa majirani, na barabarani watu walisimama.

Biharusi alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alitazama mikono yake iliyojaa hina, akaificha ndani ya kanga. Mama yake alikuwa jikoni, mikono mitupu. Bangili zake mbili za dhahabu zilikuwa rehani kwa sonara ili zilipwe sahani za wageni 300, na orodha ya wageni wale, zaidi ya nusu yake, ilitoka upande wa bwana harusi. Hilo spika haikulisema.

Hatumtaji msemaji, na wala si yeye peke yake. Tuliporudi tulikuwa na hasira, na hasira haiandiki vizuri. Kwa hiyo tukaingia kwenye vitabu na kuuliza wazee: desturi hii ya watu wakubwa kuzikemea harusi zetu kwa sauti ya juu ina historia gani hapa pwani? Na waliokemewa walijibu nini?

Kuna kisa ambacho kila aliyekaa darsani amekisikia. Sayyidna Umar alipanda mimbari akakemea mahari kupandishwa, akataka yawekewe kikomo. Inasimuliwa kwamba mwanamke alisimama akamkumbusha aya ya Suratun Nisaa, ile inayomkataza mume kuchukua tena chochote katika mali nyingi aliyompa mkewe, na Umar akakiri kwamba yeye amekosea na mwanamke amesibu. Wanazuoni wa hadithi wameujadili mnyororo wa mapokezi wa sehemu hii ya mwanamke, na wengine wameudhoofisha, kwa hiyo hatukijengei hukumu. Tunachotaka mkione ni jinsi kisa chenyewe kilivyopendwa. Umma umekisimulia karne kwa karne, na ndani yake mkemeaji anajibiwa palepale, na aliyekemewa, naye mwanamke, anasikilizwa mpaka mwisho. Sisi siku ile tulikuwa upande wa pili wa spika, na spika haina sikio.

Sasa twendeni Mombasa.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa huko mwaka 1891. Alisoma kwa wakubwa wa ukoo wake, na akavuka bahari kuja Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, majina ambayo kila mwenye darsa hapa kisiwani anayataja kwa heshima. Alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida la Kairo la Rashid Rida, na humo alikuta wanazuoni wanaouliza swali lililomwunguza yeye pia: kwa nini Waislamu wamerudi nyuma?

Mwaka 1930 akaanza kutoa karatasi ndogo ya kila wiki iliyoitwa Sahifa. Aliiandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na akaigawa bure. Mwaka 1932 likafuata gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Zingatieni jambo hili dogo. Wanazuoni wengi kabla yake waliandika kwa Kiarabu, wakasomana wao kwa wao. Yeye alichagua lugha ya nyumbani na herufi za chuoni. Mwanamke aliyepita chuoni akahitimu msahafu, hata kama hajui Kiarabu wala hajakanyaga skuli, aliweza kuifuata karatasi ile kwa kidole. Kwa hiyo alipokemea, sauti iliingia mpaka uani.

Na alikemea kwelikweli. Aliwakemea vijana walioiga mavazi na starehe za Wazungu wakaacha elimu na bidii yao ya kazi. Alikemea uvivu na ulevi. Alikemea mali kumwagwa kwenye karamu za harusi na matanga, watu wakabaki na madeni huku mashamba na nyumba vikiuzwa. Alizikemea na ngoma za mashindano. Mwaka huohuo wa 1932 akawa Kadhi wa Mombasa, na kuanzia 1937 mpaka kufa kwake mwaka 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Makala zake nyingi zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, nacho kinasomwa mpaka leo.

Tukiri wenyewe kwamba kuhusu madeni alisema kweli. Pwani ya miaka ile ilikuwa imeshuka. Utumwa ulikuwa umekomeshwa, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, na nyumba nyingi za wenye mashamba zilibaki na jina kubwa na mfuko mtupu. Lakini heshima ilikuwa bado inapimwa kwa idadi ya sinia. Mtu alikopa kwa riba, tena riba yenyewe ni haramu, ili majirani wasiseme harusi ya bintiye ilikuwa kavu. Anayejua orodha ya shughuli za leo hahitaji kuelezewa.

Sasa tuwageukie waliokuwa wakikemewa, maana kwao ndiko tulikokaa muda mrefu zaidi.

Lelemama ni ngoma ya wanawake. Wanasimama safu moja, wamevaa sare, wanakwenda taratibu, mikono na shingo ndizo zinazosema. Ukiitazama haraka utasema si chochote ila pozi. Lakini nyuma ya safu ile palikuwa na chama. Mombasa ilikuwa na vyama vyenye majina, maarufu kati yake Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana miaka na miaka. Chama kilikuwa na viongozi na vyeo, kilikuwa na michango na hesabu zake, na mwanamke alipanda cheo kwa kulisha watu. Wanachinja ng'ombe, wanapika, wanawaalika wapinzani wao waje wale wakasirike. Wapinzani nao lazima walipe kwa karamu kubwa zaidi. Hapo ndipo pesa zilipotoka kama maji, na hapo ndipo waume walipopiga kelele na masheikh wakapiga kelele pamoja nao.

Ila mwanamke wa Mombasa mwaka 1930 alikuwa na pengine papi pa kuongoza kitu? Hakuwa na skuli wala baraza la mji. Katika chama cha lelemama aliweza kukaa mwanamke wa ukoo mkubwa wa Kiarabu pamoja na mjukuu wa mtumwa, na huyu mjukuu wa mtumwa akapanda cheo kwa bidii yake. Humo alijifunza kukusanya fedha za watu mia bila kupotea hata senti, kupatanisha waliogombana, kupanga shughuli ya siku tatu. Mtu aliyesimama nje aliona ng'ombe na sare, akahesabu hasara.

Wala tusiwapambe bibi zetu kupita kiasi. Lelemama yenyewe ilikuwa na ulimi mkali. Nyimbo zake zilitangaza aibu za watu kwa mafumbo: nani amefanya nini, binti wa nani ameteleza. Jina halitajwi, lakini kila aliyepo anageuza shingo kumtazama mwenyewe. Mwanamke aliyewahi kuimbwa hivyo alijifungia ndani. Kwa hiyo tunapowalaumu wanaume wenye spika, tukumbuke kwamba na sisi tulikuwa na spika yetu, na wakati mwingine aliyeumizwa nayo alikuwa mwanamke mwenzetu asiye na wa kumtetea. Hadi leo tunajua kumpitishia mtu kanga mbele ya uso.

Ulimi huohuo uliweza pia kufanya kazi nyingine. Hapa Unguja, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekuja mjini kuuza vyungu na akaishia kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, aliimba wimbo uliojulikana kwa jina la Kijiti. Ulihusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa hapa kisiwani. Muuaji alikimbilia bara, na lawama zikawaangukia wanawake waliokuwa naye. Siti hakuwa na mimbari wala gazeti, lakini mji mzima uliimba. Hiyo nayo ni kukemea hadharani, ila safari hii kidole kilielekezwa kwa mwenye nguvu aliyeponyoka na kwa hukumu iliyompita pembeni.

Turudi kwa Sheikh Al-Amin, maana tusipommalizia tutamdhulumu.

Tulipoanza kusoma tulidhani tumempata baba wa spika yetu ya harusini. Tulikosea. Makala zake hazikuishia kwenye kukemea. Aliwakemea wanaume kwa kuwaacha mabinti bila elimu, na akataka wasichana wasomeshwe, wakati ambapo wazee wengi waliona msichana akijua kuandika atawaandikia wanaume barua. (Hoja hiyo ya barua bado ipo, sasa imehamia kwenye simu.) Unguja ilikuwa imefungua skuli ya serikali ya wasichana mwaka 1927, na wazazi walitaka kuhakikishiwa kwanza kwamba Kurani itasomeshwa na stara italindwa. Mombasa ilisubiri mpaka mwaka 1938, skuli ya wasichana wa Kiarabu ilipofunguliwa. Sheikh pia aliandika vitabu vidogo vya kusomeshea dini kwa Kiswahili chepesi. Kwa maneno mengine, alipolitoa jambo mkononi mwa mtu alijaribu kumpa jingine. Na alijitolea: gazeti la bure lina mtu anayelilipia.

Pale aliposhindwa kuona, kwa maoni yetu, ni kwenye lelemama yenyewe. Aliiona kama upotevu wa mali na wakati, na upotevu ulikuwepo. Hakuiona kama skuli. Labda asingeweza kuiona, kwa sababu mwanamume wa heshima haingii katika mkusanyiko wa wanawake akakaa siku tatu akatazama nani anashika daftari la michango.

Al-Islah likanyamaza alipoingia kwenye kazi ya ukadhi, na lelemama ikaendelea kuchezwa. Haikuuawa na gazeti. Ilififia taratibu baadaye, mabinti wa skuli walipoanza kuiona ya kizamani, gharama zilipowachosha wenyewe wachezaji, na vyama vya namna nyingine vilipozaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mombasa ikapata vyama vya wanawake wa Kiislamu vilivyoshughulikia elimu na maendeleo. Na wakati uleule wanawake wa Kiarabu wa mji huo walipoachwa nje ya haki ya kupiga kura, walipeleka maombi serikalini kuidai, wakaipata. Aliyekuwa mstari wa mbele ni Bi Shamsa Muhamad Muhashamy. Bi Shamsa huyu alikuwa mtu wa lelemama.

Tulipofika hapo mmoja wetu alifunga kitabu akacheka peke yake. Wanawake waliosemwa kwamba wanapoteza muda walikuwa tayari wanajua nani anakaa mtaa gani, nani ataweka saini na nani atamshawishi mumewe. Kazi yote ya kukusanya watu walikuwa wameshaifanya mara nyingi, kwa ajili ya ng'ombe.

Kuna na Lamu, ambako mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, alifika huko karne ya 19 na akawasomesha wale ambao wakubwa wa mji hawakutaka kukaa nao mkeka mmoja: watumwa, watoto wa watumwa, wageni. Maulidi yake yalisomwa kwa matari na ngoma. Wenye mji wakakemea kwamba hiyo si heshima ya msikiti. Leo msikiti wa Riyadha ni jina la Lamu lenyewe, na watu hutoka nchi kadhaa kuja maulidini. Baadhi ya wanazuoni waliomfuata Sheikh Al-Amin, akiwemo Sheikh wetu wa Unguja Abdalla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1968, waliandika kupinga mambo waliyoyaona kuwa bidaa, na mjadala huo haujafungwa. Sisi hatuna elimu ya kuufunga. Tunachoona ni kwamba kupaza sauti hakukuumaliza, si upande huu wala ule.

Baadhi yenu mtauliza: basi mnatetea israfu? Hapana. Tumeshaandika hapa kuhusu ukumbi wa mamilioni, na wengine mlitununia. Tunajua pia kwamba kutangaza ndoa na kuifurahia kuna asili yake. Katika Sahihi Bukhari, Bi Aisha alipompeleka biharusi kwa mume wa Kiansari, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliuliza kama walikuwa na cha kuchangamsha, maana Maansari wanapenda hayo. Kati ya furaha hiyo na kuweka rehani bangili za mama pana nafasi kubwa ya kuzungumza. Ila mazungumzo hayo yanahitaji wanaume wawemo. Singo ni liwa, karafuu, mawaridi na mkono wa somo; gharama yake haifiki gharama ya pilau ya meza mbili. Kilichokula dhahabu ya yule mama ni sahani 300, mahema, viti, na magari ya kumleta bwana harusi. Na hayo ndiyo waliyoyataka wanaume, au waliyoyanyamazia.

Tulimwuliza mama huyo, baada ya mambo kutulia, kwa nini hakusema hapana orodha ilipokuja. Alitutazama kama watoto.

"Nikatae, halafu mwanangu aende kuishi kwao?"

Hakuwa amekasirikia khutba. Alisema sheikh alisema kweli kuhusu madeni, isipokuwa hakujua deni ni la nani. Tulimwambia twende tukamweleze. Akasema hapana, waacheni, mtoto yumo ndani ya ndoa yake. Baadaye mume wa mmoja wetu alikwenda, kimya kimya, baada ya Isha. Alikaa na yule msemaji ukumbini mwa msikiti akamhesabia mambo yote, kuanzia orodha mpaka sonara. Msemaji alisikiliza. Aliuliza jina la sonara. Wiki iliyofuata, katika nikaha nyingine mtaa wa pili, tulisikia kwenye spika ileile kwamba anayeleta wageni aje na sahani zao. Wanawake waliokuwa dirishani walipiga vigelegele, jambo ambalo nadhani hakulitarajia.

Mama yeye anacheza mchezo na wenzake kumi na mbili, kina mama wa mtaani wanaochangiana kila mwezi. Mweka daftari hajui Kiingereza, lakini tangu aanze kazi hiyo haijapotea shilingi. Zamu ya mama ilipofika mwezi wa Safari, alikwenda kwa sonara akarudi na bangili moja mkononi. Ya pili ameombewa zamu ya ziada, mwezi wa Rajabu.